Pakua, Vinjari, Bamvua: Maneno ya Pwani katika Kazi ya Programu

Katika makala haya tunakusudia kuchunguza namna istilahi za kompyuta zilivyoingia katika Kiswahili, na hasa swali moja linalotukabili hadi leo sisi tunaoshughulika na istilahi: tuwape maneno gani vijana wanaoandika programu, ambao mchana kutwa hujadiliana kazi yao kwa Kiingereza hata pale ambapo kila aliyemo chumbani amelelewa kwa Kiswahili?

Kompyuta ya kwanza ya serikali iliwekwa katika Wizara ya Fedha mwaka 1965. Mpango wa kuendesha hesabu za serikali kwa mashine ulikwenda mrama (na mrama wenyewe, tukumbuke, ni neno la chombo baharini), na mwaka 1974 uingizaji wa kompyuta ukapigwa marufuku pamoja na ule wa televisheni. Marufuku hayo yalilegezwa kidogo kidogo hadi yakaondoka katika miaka ya 1990. Baraza la Kiswahili la Taifa, lililoundwa kwa sheria ya mwaka 1967, lilikuwa katika kipindi hicho likitoa orodha za Tafsiri Sanifu kwa ajili ya ofisi na taaluma mbalimbali. Lakini ni vigumu kukipa jina la kudumu kitu ambacho watu hawakigusi.

Milango ilipofunguliwa, dhana zilikuja kwa wingi na kwa haraka. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu za kazi za ofisi zilizotafsiriwa kwa Kiswahili. Kampuni ya Microsoft nayo ikafuata na tafsiri yake. Ndipo maneno mengi yalipojaribiwa kwa mara ya kwanza mbele ya mtumiaji wa kawaida. Tarakilishi, neno linaloelezwa kuwa limeundwa kwa tarakimu na akili, lilipata makao Kenya, hasa shuleni. Tanzania watu walibaki na kompyuta. Hatuoni sababu ya kuhuzunika.

Yanayotuvutia zaidi ni maneno ambayo hayakuundwa na mtu. Mtu akienda Mchinga, kijiji cha wavuvi kaskazini mwa mji wa Lindi, atayakuta ufukweni yakifanya kazi yao ya zamani. Shehena hupakiwa chomboni, na kwenye bandari ya pili hupakuliwa. Wavu hutandazwa, nao umetupatia wavuti. Kuvinjari ni kwenda huku na huko baharini kwa ulinzi au upelelezi, kama zilivyofanya manowari za Waingereza katika karne ya 19 zilipoyasaka majahazi ya watumwa yaliyotoka Kilwa Kivinje. Leo kijana wa Tabora ana kivinjari katika simu yake na hajui habari za manowari yoyote, wala hahitaji kuzijua.

Hata hivyo tusikimbilie kusema kwamba kila neno la pwani litafaa. Pakua lilisafiri kwa urahisi kwa sababu lilikuwa na nyumba ya pili: kila jiko, bara na pwani, hupakua ugali au wali. Pakia nalo lilikwisha kupanda malori na mabasi. Kipimo hiki ndicho tunachopendekeza kitumiwe kwa istilahi za sasa za waandishi wa programu.

Zamani programu kubwa zilitengenezwa kwa hatua zilizofungwa: mahitaji yote yaandikwe kwanza, kisha michoro, kisha programu, na majaribio mwishoni. Winston Royce aliionya hatari ya utaratibu huo mapema mwaka 1970. Februari 2001 wataalamu 17 walikutana Snowbird, katika jimbo la Utah, Marekani, wakatoa ilani ya utaratibu mwingine: kikundi kidogo, vipindi vifupi, na katika kila kipindi kitu kinachofanya kazi kionyeshwe kwa mtumiaji ili kirekebishwe. Kipindi hicho, mara nyingi cha wiki mbili, vijana wetu hukiita sprinti. Wapo waliopendekeza "mbio fupi", tafsiri ambayo kwa maoni yetu inamfanya mfanyakazi aonekane anafukuzwa.

Mchinga wana bamvua. Maji makuu huja, yakafuatiwa na maji mafu, na baada ya siku zipatazo 15 bamvua hurudi. Mvuvi na mama anayetafuta pweza mwambani hupanga kazi zao kwa mzunguko huo. Kwa maana halingepatikana neno bora. Lakini halina nyumba ya pili. Dodoma litahitaji maelezo kila litakapotajwa. Kwa hiyo katika hati za serikali tungetumia "awamu fupi", na bamvua tuwaachie vikundi vya pwani walijaribu.

Jina la kazi yenyewe ni zito zaidi, kwani linagusa riziki. Cheo cha Afisa TEHAMA hukusanya pamoja anayetunza mitambo, anayelinda taarifa na anayeandika programu. Msanidi programu limeanza kuenea. Fundi wa kompyuta, kwa watu wengi, ni yule anayetengeneza iliyoharibika, na hapo ndipo neno fundi limepunjwa. Fundi wa majahazi kwa desturi hachori ramani: hulaza mkuku, hupanga mbao, na mataruma mengi huyakata kadiri ubavu unavyojitokeza, akiukagua kwa jicho kabla ya kuendelea. Mbuni na mjenzi ni mtu mmoja. Ilani ya mwaka 2001 ilitaka jambo la karibu sana na hilo, na kijana anayeitwa fundi programu hajashushwa cheo.

Wasomaji wa Kilwa, Lindi na Mikindani wanaojua neno ambalo mafundi hao hulitumia kwa ukaguzi huo wa jicho, kati ya ubao na ubao, tunawaomba watuandikie. Istilahi ya kikao cha kukagua kazi mwishoni mwa awamu bado haijaamuliwa.