Nani Kawaambia Wahabeshi Hawajui Krismasi?

Wadau, kila Desemba wimbo wa Band Aid, "Do They Know It's Christmas?", unafufuka. Redioni upo, kwenye maduka makubwa upo. Kundi la mastaa wa Kiingereza, nywele zimetimuliwa kwa dawa, wanauliza kwa huruma kama huku kwetu tuna habari za sikukuu. Na sisi tunatikisa kichwa na kuimba nao! Mimi nina kinyongo na wimbo huu, na leo nakitoa kwa majina na tarehe, msije mkasema nazusha.

Oktoba 23, 1984, BBC ilirusha taarifa ya Michael Buerk kutoka Korem, kaskazini mwa Ethiopia. Alfajiri ya baridi, maelfu ya watu wamejitanda mashuka, maiti zimelazwa chini. NBC ya Marekani nayo ikaionyesha siku hiyo hiyo, kisha mamia ya vituo duniani. Bob Geldof, mwimbaji wa Boomtown Rats, bendi iliyokuwa imeshachuja, aliiona London. Akampigia simu Midge Ure wa Ultravox, wakatunga wimbo, na Novemba 25 wakajaza studio ya Sarm West: Bono, Sting, George Michael, Duran Duran, Phil Collins kwenye ngoma. Boy George alikuwa New York, akaamshwa kwa simu na kupanda Concorde kuwahi kurekodi. Njaa imepiga Korem, mtu anawahi kwa Concorde. Haya.

Wimbo ulishika namba moja Uingereza na kuuza zaidi ya nakala milioni 3 nchini humo. Hela zilipatikana na kuna watu walikula kwa sababu yake. Hilo silipingi, na anayelipinga hajawahi kulala njaa. Ninachogombea ni maneno yake.

Ethiopia haijui Krismasi? Ufalme wa Aksum uliupokea Ukristo katika karne ya 4, enzi za Mfalme Ezana. Augustine alipotumwa kutoka Roma kwenda kuwahubiria Waingereza pale Kent, ulikuwa mwaka 597. Fanya hesabu mwenyewe nani alitakiwa kumuuliza nani. Waethiopia wanasherehekea Januari 7 na wanaiita Genna, kwa hiyo Desemba 25 walikuwa na haki zote za kuendelea na shughuli zao. Halafu wimbo unatuchora kama bara lisilo na mvua wala mto. Blue Nile, unaoanzia Ziwa Tana huko huko Ethiopia, sijui wao walidhani ni bomba la nani.

Lakini kinachoniudhi zaidi ni kile ambacho hawakuimba. Njaa ile haikuwa ya ukame peke yake. Serikali ya Mengistu Haile Mariam ilikuwa vitani Eritrea na Tigray, na Septemba 1984, watu wakifa, Addis Ababa ilikuwa inapambwa kwa sherehe za miaka 10 ya mapinduzi. Baadaye watu wa kaskazini wakabebwa kwa nguvu kwenda kuhamishiwa kusini. Madaktari wa Médecins Sans Frontières wa Ufaransa walipopiga kelele, Desemba 1985 wakafukuzwa nchini. Katika wimbo, Mengistu hayupo, vita havipo. Kuna jua kali na watu wanaosubiri kuokolewa na mshindi wa Top of the Pops.

Wamarekani nao hawakukubali kupitwa. Januari 28, 1985, usiku wa tuzo za American Music Awards, wakakutana studio za A&M, Hollywood, kurekodi "We Are the World" ya Michael Jackson na Lionel Richie. Quincy Jones alibandika mlangoni tangazo la kuwataka waache maringo nje. Hapa ndipo lugha yetu inapoingia. Stevie Wonder akatoa wazo kwamba kipande kiimbwe kwa Kiswahili! Mwimbaji wa country Waylon Jennings akaona hapana, akatoka zake. Geldof, aliyekuwepo, ikabidi awaambie kwamba Waethiopia hawazungumzi Kiswahili. Kwa hilo tu nampa tano. Kisa chenyewe kimo kwenye filamu ya Netflix ya 2024, The Greatest Night in Pop, itafuteni mcheke. Niliicheka mpaka basi, halafu nikajiuliza: kati ya mastaa zaidi ya 40 mle ndani, hakuna aliyekuwa anajua Ethiopia wanazungumza nini?

Julai 13, 1985 ikaja Live Aid, Wembley na Philadelphia kwa pamoja. Phil Collins akapiga London, akapanda Concorde (tena!) akapige na Philadelphia, ambako alikaa kwenye ngoma wakati Led Zeppelin wanaboronga vibaya kiasi kwamba walikataa kipande chao kiwekwe kwenye DVD ya 2004. Queen waliua kwa dakika 21, na Freddie Mercury ni mtoto wa Mji Mkongwe, Unguja, alizaliwa 1946. Sade naye kazaliwa Ibadan. Ila wote wawili walipanda kama mastaa wa Uingereza. Bendi zilizokuwa zinaishi na kupiga muziki Afrika hazikuitwa kwenye majukwaa yale mawili.

Wala si kwamba wanamuziki wetu walikuwa wamelala. Mwaka huo huo Manu Dibango wa Kameruni aliwakusanya Paris kina Youssou N'Dour, Salif Keita na Mory Kanté, wakarekodi "Tam-Tam pour l'Éthiopie". Umewahi kuusikia dukani? Hata mimi sijawahi.

Sasa niwaulize. Zile picha za Korem zilizomliza Geldof, nani alizipiga? Buerk alisoma maneno. Kamera ilikuwa begani kwa Mohamed Amin, mzaliwa wa Nairobi, 1943, aliyekulia Dar es Salaam na kuanzisha kampuni yake ya Camerapix hapo hapo Dar mwaka 1963, akiwa kijana wa miaka 20 hivi. Alipiga picha za Mapinduzi ya Zanzibar mwaka 1964. Mwaka 1966 akafungwa huko huko Zanzibar karibu mwezi mzima kwa sababu ya kamera yake. Mwaka 1969 alikuwepo Nairobi siku Tom Mboya alipopigwa risasi. Kufika Korem kulihitaji vibali vya serikali ambayo haikutaka mgeni aone njaa, na Amin alikuwa na miaka ya kujuana na watu wa Addis. Bila yeye, Geldof usiku ule angeangalia kitu kingine na kwenda kulala.

Geldof alipewa heshima ya kifalme ya KBE mwaka 1986. Amin alipewa MBE, ngazi ya chini zaidi, mwaka 1992. Kufikia hapo alikuwa ameshapoteza mkono wa kushoto kwenye mlipuko wa ghala la silaha Addis Ababa, 1991, uliomuua mpiga sauti wake John Mathai. Akatengenezewa mkono wa bandia, akarudi kazini.

Band Aid wakaurudia wimbo 1989, 2004 na 2014. Mwaka 2005 kwenye Live 8, wasanii wengi wa Afrika walipelekwa kupiga Cornwall, mbali na Hyde Park walikokuwa Pink Floyd na U2. Mwaka 2014 Fuse ODG, Mghana wa London, alikataa kuimba, na mwaka 2024 Ed Sheeran akasema hakuombwa ruhusa sauti yake kutumika tena na angekataa. Miaka 40, ndiyo wanaanza kushtuka.

Novemba 23, 1996, ndege ya Ethiopian Airlines aliyopanda Amin ilitekwa, ikaishiwa mafuta na kuanguka baharini karibu na Ngazija. Watu 125 walikufa, yeye akiwemo, na walionusurika wanasimulia kwamba hadi mwisho alikuwa amesimama akibishana na watekaji. Alikuwa na miaka 53. Wanafunzi wa uandishi wa habari mnaosoma hapa, Buerk mmefundishwa. Mulizeni mwalimu wenu kuhusu mwenye kamera.