Ngozi, Raba na Jasho: Safari ya Mshikio wa Fimbo ya Gofu

Panga la mkulima aliyelitumia misimu kadhaa utalitambua kwa mpini. Mara nyingi umezungushiwa ukanda wa tyubu kuukuu ya baiskeli, ukavutwa sana, mwisho wake ukapachikwa chini ya mzunguko wa juu. Mwenye panga hakufundishwa na mtu. Mvua zilinyesha, kiganja kikatoka jasho, panga likachomoka mara moja likamkosakosa mguuni, na jioni ile ile akatafuta tyubu.

Mcheza gofu wa leo, ambaye kedi wake amebeba mfuko wenye fimbo kumi na nne, ameshika kitu cha ukoo huo huo. Tofauti ni kwamba gofu ilitumia miaka zaidi ya mia nne kufika kwenye tyubu, na kila hatua iliyopigwa ilisukumwa na jambo lililotokea kwingine: kwenye mpira, kwenye mpini, hata kwenye injini za meli za kivita. Mshikio wenyewe haukupewa nafasi ya mbele. Ulikuwa wa kufuata tu, ingawa ndio mahali pekee mtu anapogusana na fimbo.

Habari inaanzia Scotland. Mwaka 1457 Bunge la Mfalme James II lilipiga marufuku gofu pamoja na kandanda, kwa sababu vijana walikuwa wanaacha mazoezi ya upinde. Nusu karne baadaye mjukuu wake, James IV, alinunua fimbo za gofu kwa shilingi 14, na malipo hayo yamo kwenye hesabu za hazina ya mwaka 1502. Aliyemuuzia alikuwa fundi wa pinde wa mji wa Perth. Hilo halishangazi: mtu anayejua kuchonga mti unaopinda bila kuvunjika, na kuuwekea mahali pa kushika pasipoteleza, anajua karibu yote ambayo fimbo ya gofu inahitaji.

Fimbo za zama hizo zilikuwa na mipini minene ya mbao. Mafundi walizungushia kwanza vipande vya kitambaa cha sufu, kisha juu yake ukanda wa ngozi ya kondoo. Ukanda ulipakwa lami ya miti, ukazungushwa kwa mshazari kutoka juu kwenda chini, ukapigwa kimsumari kidogo kileleni na kufungwa chini kwa uzi uliotiwa nta. Kazi hiyo ilitaka mkono mzoefu. Ukanda ukipandana, kidole kinakuta tuta. Ukiachana, kinakuta ufa. Halafu kuna mvua ya Scotland. Ngozi ikilowa hulegea, ikikauka hukakamaa. Wachezaji waliipaka mafuta ya nyonyo ili irudishe unato wake, na mafuta hayo yaliendelea kukaa kwenye mifuko ya gofu hadi katikati ya karne ya ishirini.

Mikono nayo ilishika kama inavyoshika mpini wa shoka: viganja vyote viwili vimeufumbata, vidole vyote kumi juu ya mti. Mshikio mnene ulifaa mtindo huo. Mwaka 1848 ukaja mpira wa gataperka, utomvu wa mti wa Asia ya Kusini Mashariki, ukaiondoa mipira ya awali, zile pochi za ngozi zilizoshindiliwa manyoya ya bata bukini. Ulikuwa rahisi na ulidumu, lakini ulikuwa mgumu kama kokoto. Kila pigo lilirudisha mtetemo hadi viwikoni. Mafundi wakaleta mpini wa hikori kutoka Marekani, mti mgumu lakini wenye kunesa, na baadhi yao wakapachika kipande cha ngozi kwenye uso wa kichwa cha fimbo ili kupunguza kishindo.

Hikori ilikuja na tabia yake. Ilinesa, na pia ilijisokota wakati fimbo inashuka. Mchezaji alipaswa kusikia kwa vidole kichwa kimegeukia wapi, akirudishe kabla hakijaufikia mpira. Kiganja ni kizito kusikia. Vidole ni vyepesi. Taratibu mishikio ikakondeshwa, na fimbo ikahama kutoka kiganjani kwenda vidoleni.

Hapo ndipo jina la Harry Vardon linapoingia. Alizaliwa kisiwani Jersey mwaka 1870, na Open ya Uingereza aliishinda mara sita kati ya 1896 na 1914, idadi ambayo mpaka leo haijafikiwa na mwingine. Alikuwa na mikono mikubwa na alipenda mishikio myembamba. Kidole kidogo cha mkono wa kulia alikilaza juu ya mkono wa kushoto, na hivyo mikono miwili ikawa kama mmoja. Haki itendeke: Mskoti Johnny Laidlay, bingwa wa wachezaji wa ridhaa mwaka 1889 na 1891, alikuwa akishika hivyo kabla Vardon hajasikika. Lakini Laidlay hakuzunguka Marekani mwaka 1900 akicheza mbele ya umati na kuondoka na US Open. Jina likabaki kwa msafiri, na hadi leo walimu wengi huwaanzishia wanafunzi kwa mshiko wa Vardon.

Baada ya Vardon akaja Mmarekani Bobby Jones, na kuna kisa chake ambacho wapenzi wa vifaa hawachoki kukisimulia. Mwaka 1930 Jones alishinda mashindano yote manne makubwa ya zama zake kwa fimbo za hikori. Zilikuwa zimeteuliwa moja moja, kwa kuzishika na kuzizungusha, bila mizani. Husimuliwa kwamba baadaye zilipopimwa kwa vipimo vya kisasa, zote zililingana uwiano wa uzito isipokuwa moja, na hiyo ndiyo iliyokuwa ikimsumbua siku zote. Mimi husita kidogo mbele ya visa vinavyofunga vizuri namna hii. Lakini yeyote aliyewahi kupokezana majembe matatu na kusema, bila kufikiri, "hili la kati ndilo langu," hatamshangaa Jones.

Wakati huo chuma cha pua kilikuwa kimeshabisha hodi. Marekani iliruhusu mipini ya chuma katikati ya miaka ya 1920, na R&A, wasimamizi wa mchezo walioko St Andrews, wakakubali mwaka 1929. Mwaka 1931 Billy Burke akawa wa kwanza kushinda US Open kwa chuma. Mipini mingi ya mwanzo ilivishwa gamba la rangi ya mbao, ili wazee wasishtuke.

Badiliko lililoubana zaidi mshikio halikuonekana kwa macho. Mpini wa hikori ulichongwa kwa mkono, na hakuna miwili iliyolingana unene. Mpini wa chuma ni bomba: linatoka kiwandani kwa kipimo kile kile, elfu kwa elfu. Kwa mara ya kwanza mtu angeweza kuwaza mshikio unaovishwa kama soksi badala ya kuzungushwa kama bendeji. Hata hivyo kwa miaka ishirini hivi ngozi iliendelea kutawala. Huko Chicago, Elver Lamkin alikuwa ameanza mwaka 1925 kutengeneza mishikio ya ngozi kibiashara, na familia yake imeendelea na kazi hiyo.

Hapa Kiswahili kimetutegea mtego. Mpira ni kile kinachopigwa, na mpira ni ule utomvu uliogandishwa unaotengeneza matairi. Kuanzia hapa huo wa pili nitauita raba, nisije nikampoteza msomaji.

Mji wa Akron, jimbo la Ohio, ulikuwa makao makuu ya raba duniani. Ulikuwa umeshaubadili mchezo huu mara moja: mwishoni mwa karne ya kumi na tisa Coburn Haskell, akishirikiana na kiwanda cha Goodrich mjini humo, alizungusha nyuzi za raba zilizovutwa na kupata mpira uliouzika ule wa gataperka. Nusu karne baadaye ikawa zamu ya mshikio, kwa mkono wa Thomas Fawick, mtu ambaye ni vigumu kumweka kwenye kabati moja. Akiwa bado kijana aliunda motokaa ya milango minne huko Sioux Falls. Baadaye alibuni klachi iliyobana kwa kujazwa upepo kwenye tyubu ya raba, na klachi hizo zikafungwa kwenye meli za kushushia vifaru katika Vita Kuu ya Pili. Alipenda violini, akahangaika kuziboresha sauti. Alipoanza gofu ukubwani, mishikio ya ngozi ilimkera.

Mtu aliyetajirika kwa tyubu akitazama bomba la chuma, jibu liko karibu. Mwishoni mwa miaka ya 1940 alikuwa akiifinyangia raba kwenye mpini. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 kampuni yake, iliyokuja kujulikana kwa jina la Golf Pride, ilikuwa ikiuza mshikio wa raba wa kuvisha. Mwaka 1958 Tommy Bolt alishinda US Open akiwa na mishikio ya kampuni hiyo, na ngozi ikaanza kurudi nyuma. Si kwa wote. Arnold Palmer aliendelea kuzungusha ngozi kwa mikono yake mwenyewe katika karakana yake huko Latrobe. Baba yake ndiye aliyemwekea mikono kwenye fimbo akiwa na umri wa miaka mitatu na kumwambia asiiondoe pale.

Kazi yenyewe sasa ni nyepesi kiasi kwamba fundi yeyote anaimudu. Mshikio mzee hupasuliwa kwa kisu chenye ncha ya kulabu. Mpini hufungwa utepe wenye gundi pande zote mbili, humwagiwa thina, na mshikio mpya husukumwa mara moja bila kusita. Ukisita unakwama nusu njia.

Kwa wachezaji wa Mombasa au Dar es Salaam uvumbuzi wenye faida zaidi ulikuwa mwingine: kuchanganya nyuzi za pamba ndani ya raba. Raba tupu ni tamu kwenye hewa ya baridi, ila ikikutana na jasho la pwani inakuwa kambare. Nyuzi hukwaruza kiganja kidogo na hunyonya unyevu. Ben Hogan, ambaye hakuvaa glavu, alizipenda nyuzi hizo, tena aliweka uti mwembamba upande wa chini wa mshikio ili vidole vijue mahali pake bila macho kuangalia. Kitabu chake cha mafunzo cha 1957 kinaanza na mshiko kabla ya jambo lolote jingine. Kanuni huruhusu uti huo ukiwa umenyooka kutoka juu hadi chini. Mshikio uliofinyangwa kwa umbo la vidole haukubaliwi.

Kuhusu unene, ushauri wa mafundi ni wa kale na bado una akili: fumbata fimbo kwa mkono wa juu, ncha za kidole cha kati na cha pete ziguse kidogo tu nyama ya chini ya dole gumba. Zikichimba, mshikio ni mwembamba. Zisipofika, ni mnene. Hatua kutoka saizi ya kawaida kwenda ya kati ni milimita 1.6, na kila tabaka la utepe chini yake huongeza unene kidogo. Wengi hukariri kwamba mwembamba huupinda mpira kushoto na mnene huupeleka kulia. Kwa wengine ni kweli, kwa wengine sivyo, na ningemsikiliza kedi aliyekutazama mashimo tisa kabla ya kuisikiliza kanuni hiyo. Tena, mishikio mingi inayolaumiwa kwa kuteleza haijachakaa. Imejaa mafuta ya ngozi na vumbi. Maji ya uvuguvugu, sabuni na brashi vitaifufua.

Fimbo ya kusukumia mpira shimoni imekuwa na sheria zake. Yenyewe inaruhusiwa kuwa na upande bapa, na hapo ndipo unene ulipolipuka. K.J. Choi wa Korea Kusini alishinda mashindano ya AT&T National mwaka 2007 akiwa na mshikio mnene uliowachekesha watu; mwaka 2015 Jordan Spieth alishinda Masters na US Open kwa mshikio mnene, na hakuna aliyecheka. Hoja ni kwamba mshikio mnene huvituliza vifundo vya mikono, na kwa masafa ya mita mbili utulivu una thamani kuliko wepesi wa vidole.

Bryson DeChambeau, Mmarekani aliyesomea fizikia, ameichukua hoja hiyo akaipeleka kwenye fimbo zote mfukoni. Mishikio yake ni minene kuliko ya karibu mchezaji yeyote wa kulipwa, na fimbo haiko vidoleni kama alivyofundisha Vardon. Iko ndani kabisa ya viganja. Alishinda US Open hivyo mwaka 2020, akairudia 2024 huko Pinehurst, North Carolina, mji ule ule ambako Golf Pride ina makao yake. Mskoti wa kabla ya gataperka angemtazama akipiga, asielewe hata kidogo kasi ya mpira ule wala ukubwa wa kichwa cha fimbo. Mikono angeitambua.