Kutoka Makunduchi hadi Sayari ya Mongo

Barabara ya kusini ikitoka Makunduchi kuja mjini hupita Kitogani, huiacha njia ya Unguja Ukuu upande wa kushoto, kisha hufika Tunguu, kwenye majengo ya Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar. Vijana wa chuoni wanaijua kwa daladala zake. Mimi nimeifuata kwa sababu ya swali linalozuka kila tamthilia mpya ya anga za mbali inapoonyeshwa kwenye televisheni: mtu akichukua mavazi, sikukuu, majina na sura za watu wa Asia, ni wakati gani anashirikiana nao, na ni wakati gani anawapora?

Barabara hii ina la kujibu, kwa sababu Asia imepita hapa kwa zaidi ya miaka elfu moja. Unguja Ukuu, bandari iliyokuwa hai kabla Mji Mkongwe haujajengwa, wachimbuaji wa mambo ya kale wamekuta vigae vya vyombo vya Uajemi na vya China. Kajengwa, kule kule Makunduchi, katika miaka ya 1940 ilifukuliwa hazina ya sarafu za Kichina. Lakini kilichobaki hai kuliko vyote ni Mwaka Kogwa. Kila Julai watu wa Makunduchi hupigana kwa migomba hasira za mwaka zikaisha, huchoma kibanda cha makuti, wanawake huimba, na mgeni yeyote hukaribishwa kula. Sikukuu hiyo ni Nairuzi, mwaka mpya wa Waajemi wa kale, unaohesabiwa kwa kalenda ya jua ya siku 365. Hakuna mtu wa Makunduchi anayeona ameiazima. Walioileta waliingia majumbani, wakaoa, wakaolewa, wakazaa, wakawa wao. Kitu kilikuja na watu wake.

Waajemi wengine, walioshika dini ya kale ya Uajemi, walihamia Gujarati, wakaitwa Waparsi, na baadhi yao wakafika Unguja baadaye kwa meli za Bombay kufanya kazi serikalini na madukani. Mmoja wao, Bomi Bulsara, alikuwa keshia katika serikali ya kikoloni hapa mjini. Tarehe 5 Septemba 1946 alizaliwa mwanawe, Farrokh. Mtoto alipofikia umri wa miaka minane hivi alipelekwa shule ya bweni Panchgani, India. Akarudi Unguja mwaka 1963, na mwaka uliofuata, baada ya Mapinduzi, familia ikahamia Uingereza. Dunia inamjua kwa jina la Freddie Mercury. Tazama basi: sikukuu ya Makunduchi na familia hii ya mjini zina asili moja, ila moja ilifika kale sana na nyingine ilifika juzi. Ya kale tuliikumbatia, ya juzi tukaiona ngeni.

Kutoka hapo njia inavuka bahari.

Mwaka 1934 magazeti ya Marekani yalianza kuchapisha katuni ya Flash Gordon, kijana wa Kimarekani anayeruka hadi sayari ya Mongo kupigana na mfalme wake katili. Mfalme huyo anaitwa Ming. Kachorwa na sharubu nyembamba, makucha marefu na majoho ya dola ya China, na jina lake ni la ukoo uliotawala China kwa karibu miaka mia tatu. Zilikuwa zama ambazo Marekani iliwafungia mlango wahamiaji kutoka China na Japani, na hofu ya wahamiaji hao ikapandishwa hadi angani. Sinema ya vipande vipande ilipotengenezwa mwaka 1936, Ming aliigizwa na Mmarekani mweupe, Charles Middleton. Vipande hivyo vikaja kurushwa kwenye televisheni, na watoto wa kizazi kingine wakajifunza sura ya adui kwa macho yao.

Mwaka 1980 hadithi ikarudi kwa sinema kubwa ya rangi. Safari hii Ming alikuwa Msweden, Max von Sydow. Muziki ulikuwa wa Queen, kundi alilokuwa akiimbia Freddie Mercury, na katika albamu ya sinema hiyo wimbo unaomwingiza Ming katika baraza lake umetungwa na Freddie mwenyewe. Nimekaa na jambo hili kwa muda mrefu. Mtoto wa Unguja, mwenye asili ya Uajemi na India, anamtungia sauti mfalme wa Asia wa bandia, na kwenye kiti cha enzi ameketi mtu wa Ulaya ya kaskazini. Simlaumu Farrokh, alikuwa fundi na alipewa kazi. Lakini kwenye kiti cha enzi cha jengo lile la dhahabu na hariri, Mwasia aliye halisi alikuwa anasikika tu, haonekani.

Televisheni yenyewe iliufuata mtindo huo huo. Star Trek ilipoanza mwaka 1966 ilimweka George Takei, Mmarekani mwenye asili ya Japani, kwenye usukani wa chombo cha anga, mtu ambaye utotoni alifungwa na wazazi wake katika kambi za Marekani kwa sababu ya asili yao tu. Lilikuwa jambo kubwa na nalisifu bila kusita. Miezi michache baadaye, Februari 1967, tamthilia hiyo hiyo ikamleta Khan Noonien Singh, anayedhaniwa kuwa Kalasinga wa India ya kaskazini, akaigizwa na Ricardo Montalbán, mzaliwa wa Mexico. Mwaka 1977 BBC ilionyesha katika Doctor Who mchawi wa Kichina katika London ya zamani. Aliyeigiza ni Mwingereza, John Bennett, aliyebandikwa macho na ngozi. Na mwaka 2002 ikaja Firefly, ambamo wanadamu wa karne zijazo hutukana kwa Kichina na maandishi ya Kichina yametapakaa kila ukuta, lakini kati ya mabaharia tisa wa chombo kile hamna Mchina hata mmoja. Hiyo ndiyo inayonikera zaidi, kwa kuwa haina chuki ndani yake. Waliipenda China, wakaichukua lugha yake, wakawasahau Wachina.

Najua nitaambiwa kwamba na sisi huchukua. Kweli. Siti binti Saad alikwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi nyimbo zake, na Juma Bhalo wa Mombasa alizipa tuni za sinema za Kihindi mashairi ya Kiswahili, watu wakalia. Freddie naye alivaa kimono jukwaani. Lakini Bhalo hakujipaka rangi akajiita Mhindi, na kwenye majumba ya sinema ya pwani Mhindi alikaa ukumbi mmoja na Mswahili, akiisikia tuni ikizaliwa na akiisikia tena harusini. Mwenye mali alikuwapo.

Penye haki tuseme pia deni letu. Wengi waliohama baada ya 1964 hawakuhama kwa furaha. Na mwaka 2006, ilipoandaliwa sherehe ya kutimia miaka 60 tangu kuzaliwa kwa Farrokh, jumuiya ya Kiislamu ya Uamsho ilipinga kwa sababu ya maisha yake ya faragha, na sherehe ikavunjwa. Makumbusho yake yalifunguliwa Shangani mwaka 2019. Watalii hupiga picha mlangoni, wengi wetu tunapita. Kumtumia mtu kuuza vyumba vya hoteli na kutomtaka kwenye karamu ni uporaji wa aina ile ile.

Na Kiswahili nacho kimechukuliwa. Katika kipindi cha kwanza kabisa cha Star Trek kurushwa hewani, kiumbe mlaghai anajigeuza mwanamume mweusi na kumsemesha Kiswahili Uhura, afisa wa mawasiliano, ili amnase. Lugha yetu ikaingia angani kama chambo.

Ila miaka mitatu baada ya Ming wa von Sydow, sinema ya Star Wars ilihitaji sauti ya rubani, kiumbe anayeitwa Nien Nunb. Wakampata mwanafunzi Mkenya, Kipsang Rotich, naye akasema kwa Kikalenjin na Kikuyu, maneno yenye maana kamili, na watazamaji wa Kenya wakacheka kwa furaha walipoyaelewa. Mwaka 2015 rubani yule aliporudishwa kwenye sinema mpya, aliyeitwa kumsemea alikuwa Rotich yule yule.