Kisu cha Daktari: Je, Upasuaji wa Kisasa Unamfaa Mgonjwa Kweli?



Sifa zote njema ni za Allah (S.W.), na rehma na amani zimfikie Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), pamoja na ahli zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo.

Ndugu zetu katika Iman, katika darsa zetu za wazazi kuna swali linalorudi kila mara. Daktari akisema mgonjwa wetu apasuliwe, tukubali au tukatae? Wapo miongoni mwetu wanaokataa hata pale mama mjamzito anapokuwa hatarini yeye na mtoto wake, wakisema kwamba kisu ni mauti. Na wapo wanaouza shamba na ng'ombe kwa ajili ya upasuaji wowote ulioitwa wa kisasa, bila kujua utamfaa mgonjwa kwa kiasi gani. Makundi haya mawili yanaonekana kupingana, lakini yanafanana katika jambo moja: hayaulizi.

Kwa hiyo tumeona ni vyema turudi nyuma kidogo katika historia, tuone upasuaji ulikotoka, ulipofaulu na ulipokosea, ili tujue tumuulize nini daktari.

Dini yetu inatufundisha kuuliza

Mtume (s.a.w.) aliwahimiza Waislamu watafute dawa, na akafundisha kwamba Allah (S.W.) hakuteremsha maradhi ila ameyateremshia na tiba yake. Katika Sahih Muslim imepokewa kwamba alimpelekea sahaba Ubayy bin Ka'ab (r.a.) tabibu, naye akamkata mshipa kisha akapachoma moto. Basi kukatwa kwa ajili ya tiba si jambo geni katika dini yetu.

Imam Malik naye amepokea katika Muwatta kwamba mtu mmoja alijeruhiwa, wakaitwa matabibu wawili, na Mtume (s.a.w.) akawauliza ni yupi kati yao mjuzi zaidi wa utabibu. Na katika Sunan Abi Dawud yamo mafundisho kwamba anayejitia utabibu bila kujulikana kwa kazi hiyo, atabeba dhamana ya madhara atakayoyasababisha. Tunajifunza hapa kwamba kuuliza ujuzi wa daktari si utovu wa adabu, wala hakupunguzi tawakkul.

Mwalimu wa wapasuaji kutoka Andalusi

Wanafunzi wetu wengi wamelisikia jina la Abul Qasim Al-Zahrawi, aliyezaliwa Madinat al-Zahra karibu na Cordoba mnamo mwaka 936 hivi na kufariki karibu mwaka 1013. Kitabu chake, Al-Tasrif, kina sehemu 30, na sehemu ya mwisho ni ya upasuaji. Humo alichora zana zipatazo 200: visu, kulabu, misumeno na koleo. Katika karne ya 12 sehemu hiyo ilifasiriwa kwa Kilatini na Gerard wa Cremona, na wapasuaji wa Ulaya wakaitegemea kwa karne kadhaa.

Huwa tunajivunia zana zake, lakini tunasahau utangulizi wake. Humo Al-Zahrawi anasimulia makosa aliyoyaona kwa macho yake. Tabibu mmoja alipasua uvimbe shingoni mwa mwanamke bila kujua mishipa ilivyopita, na mwanamke yule akatokwa damu mpaka akafa. Mwingine alitaka kumtoa mzee jiwe la kibofu, akalitoa pamoja na kipande cha kibofu chenyewe, na mzee hakuishi ila siku chache. Kwa hiyo akawausia wanafunzi wake wasome kwanza maumbile ya mwili, na wajiepushe na upasuaji ambao hatari yake ni kubwa kuliko tumaini lake. Hayo aliyaandika miaka elfu moja iliyopita.

Kabla yake, Abu Bakr Al-Razi, aliyefariki mnamo mwaka 925 hivi, alikuwa amegusa jambo jingine kubwa. Katika maandiko yaliyokusanywa katika Al-Hawi, anaeleza kwamba aliwatoa damu kundi moja la wagonjwa waliokuwa na dalili za ugonjwa wa utando wa ubongo, na kundi jingine akaliacha kwa makusudi ili alinganishe. Madaktari wa leo hawaufuati uamuzi aliofikia kuhusu ugonjwa huo. Lakini ile njia ya kuwalinganisha waliotibiwa na wasiotibiwa ndiyo inayotumika leo, baada ya kuboreshwa sana.

Tusidharau yaliyokuwa kwetu

Wengi hudhani upasuaji uliletwa hapa na wageni. Mwaka 1879 msafiri Mwingereza Robert Felkin aliona huko Bunyoro, hapa kwetu Uganda, mama wa umri wa miaka ishirini hivi akipasuliwa ili atolewe mtoto. Alichapisha habari hiyo Edinburgh mwaka 1884. Mpasuaji alinawa mikono kwa pombe ya ndizi, akaosha na tumbo la mama, na mama mwenyewe alikuwa amenyweshwa pombe hiyo ili kupunguza maumivu. Damu ilizuiwa kwa chuma cha moto, kidonda kikafungwa kwa pini za chuma na kupakwa dawa ya mizizi. Felkin aliandika kwamba siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona, na mama na mtoto walikuwa hai.

Pombe kuinywa ni haramu kwetu, na hilo halina mjadala. Tunachokiangalia hapa ni ule usafi wa mikono na kidonda. Joseph Lister alikuwa ametangaza njia yake ya kuua vijidudu vya vidonda kwa asidi ya kaboliki mwaka 1867 tu, miaka kumi na miwili kabla, na wapasuaji wengi wa Ulaya walikuwa bado wanambishia. Dawa ya usingizi nayo ilikuwa imeonyeshwa hadharani Boston, Marekani, mwezi Oktoba 1846. Mambo hayo mawili, usingizi na usafi, ndiyo yaliyofungua mlango wa upasuaji wa leo. Kabla yake watu walikufa kwa maumivu na usaha. Mwenye kusema leo kwamba kisu ni mauti anazungumzia zama hizo.

Upasuaji uliosifiwa lakini haukufaa

Sasa tuwageukie wale wanaoamini kila kipya. Katika miaka ya 1950 huko Marekani palikuwa na upasuaji wa kufunga mishipa fulani ya kifuani ili kutibu maumivu ya moyo. Wagonjwa wengi walisema wamepata nafuu, na madaktari wakaamini. Mwaka 1959 Dk. Leonard Cobb na wenzake wa Seattle walichapisha uchunguzi wa wagonjwa 17. Baadhi walifungwa mishipa kweli, na wengine walichanjwa ngozi tu kisha wakashonwa. Waliochanjwa ngozi tu walipata nafuu sawasawa na wenzao! Upasuaji ule ukaachwa.

Mwaka 2002 jambo kama hilo lilionekana Houston kwa watu 180 wenye magoti yaliyochakaa. Hawa walikuwa wameelezwa mapema kwamba huenda wakachanjwa ngozi tu, wakaridhia. Baada ya miaka miwili, waliosafishwa goti kwa kifaa cha kamera hawakuwa na nafuu kuliko waliochanjwa ngozi tu.

Mfano mzito zaidi ni wa saratani ya matiti. Tangu mwishoni mwa karne ya 19, kwa kufuata njia ya William Halsted wa Baltimore, wanawake walikatwa titi lote, misuli ya kifua na tezi za kwapa. Ilidhaniwa kwamba kukata zaidi ni kuokoa zaidi. Kuanzia mwaka 1971 Dk. Bernard Fisher na wenzake waliwafuatilia wanawake zaidi ya 1,600, wengine wakiwa wamefanyiwa upasuaji huo mkubwa na wengine mdogo kuliko huo. Baada ya miaka 25, upasuaji mkubwa haukuwa umeokoa maisha zaidi. Kwa miongo mingi wanawake walikatwa misuli ya kifua bila faida, na waliowakata walikuwa madaktari wenye nia njema. Nia njema peke yake haitoshi, lazima iambatane na elimu.

Je, matundu madogo ni bora daima?

Siku hizi hospitali nyingi zinatangaza upasuaji wa matundu, ambao daktari huingiza kamera na vifaa vyembamba badala ya kupasua tumbo wazi. Kutoa mfuko wa nyongo kwa njia hii kulianza Ujerumani mwaka 1985 na kuenea baada ya Philippe Mouret kuufanya Lyon mwaka 1987. Faida zake ni za kweli: maumivu hupungua, kidonda ni kidogo, na mgonjwa hurudi nyumbani mapema.

Lakini faida ya ugonjwa mmoja haihamishiwi kwa ugonjwa mwingine bila kupimwa. Mwaka 2018 yalichapishwa matokeo ya wanawake 631 wenye saratani ya mlango wa kizazi iliyogunduliwa mapema. Katika waliopasuliwa wazi, asilimia 96.5 walikuwa hai bila saratani kurudi baada ya miaka minne na nusu. Katika waliopasuliwa kwa matundu, wakiwemo wa roboti, walikuwa asilimia 86. Njia ya kisasa zaidi ndiyo iliyokuwa na hatari zaidi.

Mbale na Ifakara

Alhamdulillah, nchi zetu nazo zimeifundisha dunia. Katika hospitali ya watoto ya CURE, Mbale, Dk. Benjamin Warf alikabiliana na watoto wenye maji kichwani. Tiba ya kawaida ilikuwa kuwawekea mrija wa kushusha maji hayo tumboni. Mrija ukiziba, mtoto wa kijijini aliye mbali na hospitali anaweza kufa kabla hajafikishwa. Dk. Warf akatumia njia ya kutoboa tundu ndani ya ubongo ili maji yapate mkondo, pamoja na kuchoma sehemu inayoyatengeneza, bila kuacha mrija mwilini. Mwaka 2017 yalichapishwa matokeo ya kulinganisha njia hizo mbili kwa watoto wachanga 100 hapo Uganda, na baada ya mwaka mmoja hapakuwa na tofauti ya maana katika ukuaji wa akili zao. Basi mzazi ana njia mbili za kuzungumza na daktari, kwa kuangalia hali ya mtoto na umbali wa nyumbani.

Na huko Ifakara, Tanzania, hospitali moja ilikuwa miongoni mwa nane duniani zilizojaribu orodha ya usalama ya Shirika la Afya Duniani mwaka 2007 na 2008. Orodha hiyo ina mambo 19: jina la mgonjwa ni lipi, anapasuliwa wapi, ana mzio wa dawa gani, vitambaa vimehesabiwa? Katika hospitali hizo nane kwa jumla, vifo vilishuka kutoka asilimia 1.5 hadi 0.8. Hapakuwa na mashine mpya, ni watu kuulizana tu. Hata hivyo, mwaka 2014 hospitali 101 za Ontario, Kanada, ziliripotiwa kutopata faida ya wazi kutokana na orodha kama hiyo. Karatasi haiokoi mtu kama haifuatwi kwa dhati.

Tufanye nini basi?

Mwaka 2018 yalitolewa matokeo ya uchunguzi wa wagonjwa zaidi ya 11,000 waliopasuliwa katika nchi 25 za Afrika. Waliofariki walikuwa kama asilimia 2, mara mbili ya wastani wa dunia, na wengi wao hawakufia mezani bali wodini, siku za baadaye. Kwa hiyo jamaa wanaomuuguza mgonjwa wasilale usingizi kwa kuwa upasuaji umekwisha. Wakiona homa, damu, au pumzi ya shida, wamwite muuguzi mara moja.

Na kabla ya kutia saini, tunawanasihi ndugu zetu wamuulize daktari kwa adabu maswali haya:

1. Bila upasuaji huu, nini kitatokea, na je, tunao muda wa kusubiri?
2. Ipo tiba nyingine, na matokeo yake yakoje?
3. Njia hii imelinganishwa na nyingine kwa ugonjwa huu huu?
4. Wewe na wenzako mmeifanya mara ngapi?
5. Gharama zote ni kiasi gani, pamoja na za baada ya upasuaji?

Lakini ikiwa ni dharura, kama mama aliyekwama na uchungu, utumbo uliojifunga au damu isiyokatika, maswali yawe mafupi na uamuzi uwe wa haraka. Hapo kuchelewa ndiko kunakoua, na aliyekataa kwa niaba ya mgonjwa ataulizwa na Mola wake.

Kwa hiyo jibu la swali letu ni kwamba upasuaji wa kisasa unawafaa wagonjwa wengi sana, na ni katika neema za Allah (S.W.). Lakini haufai kwa kuwa ni wa kisasa. Unafaa pale ulipopimwa ukaonekana unafaa, kwa mgonjwa anayeuhitaji, mikononi mwa anayeujua. Mponyaji ni Allah peke yake, na kisu ni sababu tu, na sababu huchaguliwa kwa elimu.

Tunamuomba Allah (S.W.) awaponye wagonjwa wetu, awape madaktari wetu ujuzi na uaminifu, na atujaalie tuwe miongoni mwa wanaouliza kabla ya kutenda. Amin.

Wabillahi tawfiq.