Nani Apewe Kiti: Ndege Ndogo kutoka Nungwe hadi Kahama

Juni 1935 rubani Beryl Markham aliruka kutoka Nairobi hadi Nungwe, kambi ya wachimba dhahabu kusini mwa Ziwa Viktoria. Alikuwa amebeba mtungi wa oksijeni kwa ajili ya mgonjwa aliyeshindwa kupumua. Ndege yake ilikuwa Avro Avian ya viti viwili, usajili VP-KAN, na safari ilimchukua saa 3 na dakika 40. Alitua usiku, akiongozwa na mioto iliyowashwa kando ya njia iliyofyekwa porini. Safari hiyo ndiyo inayofungua kitabu chake, West with the Night, kilichochapishwa 1942. Maelfu ya watu wamekisoma ughaibuni pasipo kujua kuwa ghuba ya Nungwe ipo mpaka leo, Geita.

Naanza na safari hiyo kwa sababu ndani yake yamo mambo yote yaliyokuja kuitawala historia ya ndege ndogo katika nchi hii ya almasi na dhahabu. Ipo mashine ya gharama kubwa ambayo wachache tu wangeweza kuimiliki. Upo umbali ambao barabara haikuumudu, hasa masika, udongo mweusi wa mbuga unapoyang'ang'ania magurudumu. Na lipo swali la nani anastahili kupewa kile kiti cha pili.

Tangu mwanzo ndege hizi ziliishi kwa kushirikiana. Ndege iliyokuja kuwa ya kwanza kusajiliwa Kenya, De Havilland DH.51, aliiagiza John Carberry, na ilifika Mombasa 1925. Mwaka 1928 ikanunuliwa na watu watatu kwa pamoja, mmoja wao Tom Campbell Black, rubani ambaye baadaye alimfundisha Markham kuruka. Wakaiita Miss Kenya. Klabu ya Aero ya Afrika Mashariki ilikuwa imeshaanzishwa Nairobi 1927, na 1929 Florence Kerr Wilson akafungua kampuni ya Wilson Airways akiwa na Campbell Black. Kabla ya kuwepo ratiba na tiketi palikuwa na marafiki waliochangiana fedha, wakagawana siku za kuruka na kulipa pamoja kila kilipovunjika kitu.

Ndege kubwa nazo zilifika mapema. Februari 1931 kampuni ya ndege ya Uingereza, Imperial Airways, ilizindua safari ya kila wiki kutoka London hadi Mwanza, sehemu ya njia ikifanywa kwa ndege zinazotua majini. Barua ya London ingeweza kufika Mwanza kwa siku chache, kisha ikachelewa pale pale ng'ambo ya ghuba ikisubiri mtumbwi na miguu ya mpagazi. Ndege kubwa ilimaliza kazi yake ziwani. Kipande kilichobaki kilihitaji ndege ndogo, na ndege ndogo zilikuwa mikononi mwa wenye migodi na marafiki zao.

Migodi ndiyo iliyoandika ramani ya viwanja vyetu. Mgodi wa Geita ulizalisha dhahabu kuanzia miaka ya 1930 hadi ulipofungwa 1966, na kwa wakati wake ulikuwa mkubwa kuliko yote Afrika Mashariki. Huku Shinyanga, mwaka 1940, mjiolojia wa Kanada John Williamson aligundua almasi Mwadui, katika wilaya ambayo leo ni Kishapu. Mwamba wenye almasi aliouona umetandaa kwenye eneo la hekta 146 hivi. Juu yake ukajengwa mji kamili wenye hospitali, shule, umeme na kiwanja chake cha ndege, na kuuzunguka kukawa na uzio na walinzi. Jiwe la waridi la karati 54.5 lililopatikana hapo 1947 likawa zawadi ya ndoa ya Elizabeth, binti wa mfalme wa Uingereza. Williamson alifariki 1958, na mgodi ukapita mikono ya kampuni ya De Beers, serikali na kampuni ya Petra. Kiwanja kimebaki na jina la Mwadui.

Hapa sitaki kuzungushazungusha maneno. Mali iliyolipia viwanja hivyo ilitoka chini ya miguu ya Wasukuma, lakini mwanakijiji wa nje ya uzio aliijua ndege kwa mlio wake tu. Ushirika ulikuwepo, tena wa dhati, ila ulikuwa ushirika wa wale waliokwisha kuketi mezani.

Walikuwepo waliopanua duara hilo. Mwanazuolojia Mjerumani Bernhard Grzimek na mwanawe Michael walijifunza urubani ili kuhesabu wanyama wa Serengeti, ambayo upande wake wa magharibi inapakana na Usukuma. Baba na mwana walipokezana ndege moja, Dornier Do 27 iliyopakwa milia kama punda milia, na hesabu yao ilifikia wanyama 366,980. Tarehe 10 Januari 1959 Michael alikuwa peke yake angani alipogongana na tai. Ndege ikaanguka, naye akafariki. Kwangu huu ndio mfano mzito kuliko yote ya kushirikiana ndege, maana aliyebaki chini siku ile alikuwa na haki ileile ya kuwa kwenye usukani.

Mwaka 1957 madaktari watatu wapasuaji, Michael Wood, Archibald McIndoe na Tom Rees, walianzisha shirika ambalo sasa ni Amref. Wood aliendesha ndege mwenyewe kuwafuata wagonjwa wa hospitali za mbali. Hapo kiti cha ndege ndogo kiligawiwa kwa kuangalia ugonjwa wa mtu, pasipo kuuliza mfuko wake wala rangi yake. Kisha 1962 nchi za ukanda huu zikatia saini Addis Ababa mkataba wa kupambana na nzige kwa pamoja, na Shirika la Kudhibiti Nzige wa Jangwani la Afrika Mashariki likawa na ndege ndogo ambazo Tanzania, Kenya, Ethiopia na wengineo wanazitumia kwa zamu. Shirika hilo hupambana pia na kweleakwelea, na mkulima wa mpunga au mtama aliyewahi kuona wingu lao likishuka shambani anaijua thamani ya zamu hiyo. Ndege inayonyunyiza dawa kwenye mazalia yao ni mali ya mataifa kadhaa, na hakuna hata moja kati yao ambalo lingeona faida kuiweka peke yake mwaka mzima ikisubiri msimu.

Hesabu yenyewe ndiyo inayodai ushirika. Bima, banda na ukaguzi wa kila mwaka hulipwa hata kama ndege imelala. Injini isiyowashwa huingiwa na kutu ndani, hivyo kuilaza hakuokoi kitu. Cessna 172 ya viti vinne hutumia lita 30 hadi 35 za mafuta kwa saa, na gharama hiyo humhusu anayeruka. Yale mengine yakigawanywa kwa watu kumi, saa moja angani huwa nafuu mno. Msukuma aliyewahi kuazimana plau na maksai na jirani yake hahitaji kufafanuliwa zaidi.

Sheria nayo ina mipaka yake. Kwa viwango vya kimataifa leseni ya rubani binafsi hutolewa kuanzia miaka 17, baada ya saa 40 za kuruka, na mwenye nayo hatakiwi kupokea malipo kwa kazi ya urubani. Anayetaka kulipwa lazima apate leseni ya biashara, na ndege yake iwe chini ya mwendeshaji aliyeidhinishwa. Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania, iliyoanza 2003, ndiyo inayosimamia hayo. Mipaka hii naiona ya haki: wenza wanaogawana gharama wanajua hatari wanayoichukua, ilhali abiria aliyelipa nauli ameikabidhi roho yake kwa mtu asiyemjua.

Leo ukanda huu una viwanja vingi. Mgodi wa Bulyanhulu ulianza kuzalisha dhahabu 2001 na una kiwanja chake. Mgodi mpya wa Geita, uliofunguliwa 2000, vilevile. Shinyanga mjini kuna Ibadakuli, na kisiwani Rubondo kuna kiwanja kinachopokea watalii. Mgodi wa Buzwagi, jirani na mji wa Kahama, ulichimbwa kuanzia 2009 hadi 2021, na ulipofungwa njia ya kurukia haikufukiwa pamoja na mashimo.

Kinachokosekana ni klabu ya kumiliki ndege kwa pamoja. Kikwazo kikubwa ni mafuta: Cessna za zamani hutumia petroli maalumu ya ndege, na viwanja vyenye petroli hiyo ni vichache, wakati ndege za abiria zinazohudumia migodi hutumia mafuta ya jeti. Lakini sasa zipo ndege za viti vinne, kama Diamond DA40 ya injini ya dizeli, zinazokubali mafuta hayohayo ya jeti. Joto na mwinuko wa mita 1,200 hivi hupunguza nguvu ya injini na mbawa, kwa hiyo mchana wa Septemba utahitaji njia ndefu na mzigo mwepesi. Viwanja vya migodi vilijengwa kwa ndege nzito kuliko hizo, basi urefu si tatizo.

Fedha nazo zipo. Soko la madini la Geita lilifunguliwa Machi 2019, na wafanyabiashara wa dhahabu wa Geita na Kahama hununua malori na kujenga hoteli kwa mtaji wao. Kumi kati yao wakiungana, wakamwajiri mkufunzi mmoja na fundi mwenye leseni, wataweza kuiweka ndege Buzwagi, kuwafundisha vijana wa Kahama na Msalala, na kukubaliana kwa maandishi kabla ya kulipa senti ya kwanza: nani anaruka lini, nani analipa tairi likipasuka, na mgonjwa wa kijiji jirani atasafirishwaje pasipo kuvunja sheria ya nauli. Halmashauri haina haja ya kununua chochote. Inatosha ikiwatengea sehemu ya banda na kuwaandikia wanaosimamia kiwanja ili lango lifunguliwe.