Jina katika Historia: Uhamisho wa Watalai, 1934
Mnamo 1934 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya kuwahamisha Watalai, ukoo wa viongozi wa kiroho wa Wakipsigis, kutoka Kericho hadi Gwassi, karibu na Ziwa Viktoria, kwa tuhuma za uchochezi. Sheria hiyo iliwaita "Laibon", neno lenye asili ya Kimaasai. Hivyo walipokonywa ardhi na jina pia. Huko Montgomery, Marekani, kumbukumbu iliyofunguliwa mwaka 2018 imechongwa majina ya Weusi waliouawa na makundi ya Wazungu. Kwa Watalai, nyaraka za mkoloni hazitoshi kurejesha jina. Masimulizi ya wazee wa Kikipsigis, kuanzia Kericho hadi Chebunyo, hayana budi kuhakikiwa kama ushahidi wa kihistoria, wala si ngano tu.