Ritongo, Mahakama na Neno Haki: Funzo kutoka Tarime na Serengeti

Neno haki, ambalo Kiswahili kililipokea kutoka Kiarabu, lina maana mbili. Kwanza, ni uadilifu unaotolewa na jamii au mahakama. Pili, ni stahili ya mtu mmoja, hata pale jamii isipompenda. Katika sehemu hii ya mhadhara ninakusudia kuonyesha kwamba historia ya wilaya za Tarime na Serengeti, mkoani Mara, imetawaliwa na mvutano baina ya maana hizo mbili.

Kabla ya ukoloni Wakurya hawakuwa na mtemi. Mambo ya jamii yalijadiliwa katika ritongo, yaani baraza la hadhara, na wazee wa mila, inchama, walisimamia matambiko na misimu ya tohara. Wakoloni waliweka machifu, lakini ritongo haikufa. Mwaka 1963 Tanganyika huru ilifuta mamlaka ya machifu, na Sheria ya Mahakama za Mahakimu ya mwaka huohuo ikaweka misingi ya mahakama za mwanzo, ambazo lugha yake ni Kiswahili.

Wizi wa ng'ombe ulipokithiri, wananchi walitafuta njia yao. Sungusungu, jina la siafu wanaokwenda kwa makundi na kuuma, walianza Usukumani na Unyamwezini mwanzoni mwa miaka ya 1980. Walipofika Ukuryani waliota juu ya mzizi wa ritongo. Mwaka 1989 Bunge liliwapa nguvu za kisheria za kukamata watuhumiwa. Hawakupewa mamlaka ya kuhukumu.

Hapo ndipo neno letu linapogawanyika. Mtuhumiwa anapopigwa mbele ya umati, wafugaji walioibiwa husema haki imetendeka. Naye husema haki yake imevunjwa. Hati ya Haki za Binadamu, iliyoingizwa katika Katiba mwaka 1984, iko upande wake: ibara ya 13 inakataza kumtendea mshitakiwa kama mkosaji kabla hatia haijathibitishwa, na inakataza mateso.

Vivyo hivyo kwa msichana. Tangu mwaka 1998 sheria inamwadhibu anayemkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18, ilhali katika baadhi ya koo msimu ungali ukitangazwa. Barazani sauti za wanaume ndizo zilizotawala, na msichana hakuulizwa.

Sisemi kwamba ritongo ilikuwa udhalimu mtupu. Ilikuwa na jambo ambalo mahakama zetu zilikosa kwa muda mrefu: kila aliyehudhuria alielewa lugha ya shauri. Mtu wa Mugumu aliyekata rufaa hadi Mahakama Kuu alikuta kumbukumbu na hukumu zikiandikwa kwa Kiingereza. Ni marekebisho ya mwaka 2021 yaliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama zote, kukiwa na nafasi ya Kiingereza inapobidi. Mtu asiyeelewa hukumu yake hawezi kuiheshimu, naye hurejea kwenye umati.

Demokrasia ni wengi kuamua. Utawala wa sheria ni mmoja kulindwa dhidi ya wengi. Wajibu wetu, wanafunzi na wataalamu wa lugha, ni kuhakikisha kwamba mmoja huyo anaelezwa haki yake kwa lugha anayoielewa.